Kitendawili, tega! Siku nne peke yangu na hema, nikisaka visanduku kutoka Kilifi hadi Marafa

Wengi wetu tulilelewa na vitendawili. Mmoja anasema "Kitendawili!", wengine wanaitikia "Tega!", na ukishindwa kutegua unaambiwa utoe mji. Unatoa Mombasa, unatoa Lamu, mwenzako anauchukua, anajigamba nao kidogo kisha anakupa jibu.

Sasa fikiria kitendawili ambacho jibu lake halisemwi tu, linaendewa kwa miguu. Ukikitegua vizuri unafika mahali fulani, unakuta kisanduku kidogo, na ndani mna daftari, kalamu na muhuri. Unapiga muhuri wako kwenye daftari la kisanduku, unapiga muhuri wa kisanduku kwenye daftari lako, unaandika tarehe, unarudisha kila kitu kilivyokuwa, unaenda zako. Hakuna zawadi wala laiki. Ushahidi kwamba ulifika ni wino tu.

Huo ndio mchezo ulionitoa nyumbani Februari, kaskazi ikivuma, nikiwa na hema mgongoni na vitendawili vinne mfukoni. Siku nne, usiku tatu, kutoka Kilifi hadi Marafa. Swali nililoulizwa na kila mtu, kuanzia mamangu hadi utingo wa matatu, lilikuwa moja: Peke yako? Na msichana?

Jibu ni ndiyo. Lakini safari yenyewe ilinionyesha kwamba huku kwetu neno "peke yako" lina mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo inayoufanya mchezo huu uwezekane.

Mchezo wa Waingereza, fumbo la kwetu

Chimbuko lake ni Dartmoor, nyanda za juu zenye baridi na matope kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1854, James Perrott, mtu aliyekuwa akiwaongoza wageni kutembea huko, aliacha chupa katika sehemu ya mbali iitwayo Cranmere Pool ili waliofanikiwa kufika waache kadi zenye majina yao. Baadaye watu wakawa wanaacha barua na postikadi zilizokwisha kuandikwa anwani. Anayefuata kufika anazichukua na kuzitia posta. Mihuri ikaja, masanduku yakaongezeka, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mchezo ukashika kasi Marekani.

Una pacha wake wa kidijitali pia. Mei 2000, Marekani ilipoacha kufifisha mawimbi ya setilaiti kwa raia wa kawaida, mtu mmoja wa jimbo la Oregon alificha ndoo yenye vitu vidogo vidogo, akatangaza mtandaoni nambari za ramani za mahali hapo. Leo hata simu yako inaweza kukupeleka kwenye sanduku la aina hiyo.

Sisi tuliamua kuachana na nambari. Marafiki zangu watatu wa Pwani ndio waliopanga masanduku manne, na badala ya ramani wakanipa vitendawili walivyovitunga wenyewe. Muhuri wangu niliuchonga kwa wembe kutoka kwenye soli ya ndara kuukuu iliyoletwa na mawimbi ufuoni. Picha ya kaa. Kazi ya jioni moja, na gharama yake ni kidau cha wino tu.

Kwa nini kila sanduku lilikuwa na mlinzi

Dartmoor unaweza kutembea saa nzima bila kuona nyumba. Kilifi haiko hivyo. Kila mbuyu una jirani yake, kila njia ina mtu anayeijua kwa jina. Ukiinama chini ya mti kufukia kitu, ujue kuna macho yanakuangalia, na yana haki ya kukuangalia.

Kwanza kuna mambo ya kale. Gede na Mnarani ni magofu yanayolindwa na sheria, na hayo si mahali pa kuchimba wala kusogeza mawe. Hata Waingereza wenyewe wana kanuni hiyo: sanduku haliwekwi ndani ya magofu wala kwenye mawe ya kale.

Pili kuna kaya. Misitu mitakatifu ya Mijikenda, ambayo baadhi yake iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, haiingiwi ovyo. Kuna wazee, kuna ruhusa, kuna miiko. Kaya si uwanja wa michezo, kwa hiyo tuliziacha kabisa.

Tatu kuna hofu, na hii hatuwezi kuifunika kwa leso. Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, humu humu Kilifi. Baada ya hapo, mgeni anayepiga hema vichakani bila kujulikana si mtalii tena machoni pa wenyeji. Ni swali. Na sanduku lisilo na mwenyewe, katika nchi iliyowahi kulipuliwa mabomu, ni swali kubwa zaidi.

Ndiyo maana tuliweka kanuni moja: hakuna sanduku ardhini. Kila moja lilikabidhiwa mtu anayeishi au kufanya kazi hapo. Kitendawili kinakufikisha mahali, halafu unapiga hodi, unasalimia, unamtajia mlinzi jibu, naye anakupa sanduku. Usipojua kusalimia, hupati kitu.

Siku ya kwanza: Kilifi

Kitendawili: "Zamani walinisubiri, leo wananipita juu kwa juu."

Ukitoka Mombasa ni mwendo wa kilomita 60 hivi kwa matatu. Jibu lilinijia gari likiwa katikati ya daraja la Kilifi, nikitazama maji ya hori mbali kule chini. Ni feri! Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 1991, magari na watu walivushwa kwa feri, na foleni zake wazee bado wanazisimulia. Nikashuka, nikarudi hadi upande wa Mnarani na kuteremka kwenye gati la zamani.

Nilianza kwa kupanda kwenye magofu yaliyo juu ya mwamba. Kuna msikiti mkubwa, makaburi yenye nguzo, na mibuyu iliyonenepa kama matangi ya maji. Ukikaa pale dakika kumi unaelewa kwa nini wakazi wa kale waliuchagua mlima huo: kila chombo kinachoingia horini unakiona.

Mlinzi wa sanduku alikuwa mama anayeuza mabuyu na viazi karai karibu na gati. Nilipomtajia jibu alicheka, akalitoa chini ya meza, kisha akanitaka kwanza ninunue mabuyu. Haki yake. Tuliongea kuhusu mibuyu na akanikumbusha sakata la mwaka 2022, pale mibuyu mikubwa ilipong'olewa kutoka mashamba ya Kilifi ili isafirishwe hadi Georgia kule ng'ambo. Mti uliowajua mababu wa kijiji kizima ukatiwa bei na kupakiwa kwenye lori. Rafiki zangu waliotunga vitendawili walikuwa wamelifikiria hilo: usimtegemee mbuyu peke yake kama alama ya njia. Mtegemee na jirani yake.

Usiku wa kwanza nililala kwenye kambi ya kulipia kando ya hori. Mwezi haukuwepo, na hiyo ilikuwa bahati. Ukitia mkono majini wakati wa giza totoro, maji yanawaka rangi ya samawati. Ni viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinatoa mwanga vinapotikiswa. Nilikaa pale nikichezea maji hadi vidole vikakunjamana.

Siku ya pili: Mida na Arabuko-Sokoke

Kitendawili: "Ndugu zangu wote wana miguu mingi, lakini hakuna aliyewahi kutembea."

Hiki kilikuwa chepesi kwa mtu wa Pwani. Ni mikoko. Kazi ilikuwa kujua mikoko ipi. Barabara ya kwenda Malindi inapita kati ya vitu viwili vya ajabu: kushoto msitu wa Arabuko-Sokoke, kulia hori la Mida. Niliteremka Mida.

Mida inataka ujue maji. Yakijaa, mizizi ya mikoko inazama na unaona majani tu. Yakipwa, matope yanabaki wazi na ndege wanashuka kwa mamia. Nilipanga nifike maji yakipwa. Wapo ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, kazi yao kula kaa. Hao huzaliana pwani za huko Uarabuni na Bahari ya Shamu, kisha huja kwetu kupitisha msimu. Muhuri wangu wa kaa ukaanza kunitia wasiwasi.

Kuna daraja la mbao na kamba linalopita juu ya mikoko, na kuingia unalipa. Usilalamike. Mpango wa ASSETS, ulioanzishwa mwaka 2001 na shirika la A Rocha Kenya, hutumia mapato ya utalii kama huo kuwalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazopakana na msitu na hori. Maana yake ni kwamba mikoko ikisimama, kuna mtoto darasani.

Sanduku la pili lilikuwa kwa mama anayekaanga samaki kijijini. Hakunipa hadi nilipotaja jibu mara mbili, kwa sauti, wajukuu zake wasikie. Nao wakanitegea vyao. Nilitoa miji mitatu kabla ya kuondoka.

Jioni nilivuka barabara. Arabuko-Sokoke ni msitu wa kilomita mraba 420 hivi, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya misitu mikavu ya Pwani ya Afrika Mashariki. Nilipiga hema karibu na lango, mahali palipotengwa, baada ya kulipa na kujiandikisha kwa askari wa wanyamapori. Humo mna ndovu, kwa hiyo usiku hutembei tembei. Unasikiliza.

Na vya kusikiliza vipo. Kuna bundi mdogo wa Sokoke, ndege wa kutosha kiganjani, ambaye duniani anapatikana hapa na kwenye misitu ya chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Asubuhi, nikiwa na mwelekezi, nilimwona sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga na makalio ya rangi ya dhahabu. Alipita mbio juu ya majani makavu akapotea. Aina hii karibu yote iko kwenye msitu huu na vipande vichache vya jirani. Msitu ukiisha, naye amekwisha.

Na unamegwa kweli. Wapo wakata miti, wapo wachoma makaa, wapo watega mitego ya wanyama, na wengi wao ni vijana wa rika letu wasio na kazi. Ndiyo maana mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993 pale Gede, una maana kuliko jina lake zuri. Wakulima wanafuga vipepeo wa msituni, wanauza mabuu yaliyojifunga kwenda kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani. Kipepeo hawezi kuwepo bila mti wake, kwa hiyo anayemfuga ana sababu ya mfukoni ya kuulinda msitu.

Siku ya tatu: Gede, Malindi, Marafa

Kitendawili: "Nyumba zina milango, milango haina wenyewe, wanaoishi humo hupita juu ya kuta."

Nyani na kima wa Gede! Wanaruka kuta za mji uliohamwa katika karne ya 17 kana kwamba hati miliki ni yao. Ndani ya msitu kuna msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima virefu, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba hapa mwaka 1948, na kati ya vilivyopatikana ni vyombo vya kauri kutoka Uchina. Julai 2024 Gede iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kama ulikwenda huko kwa safari ya shule ukiwa darasa la sita na ukakumbuka soda tu, rudi.

Sanduku halikuwa magofuni. Lilikuwa kwa fundi cherehani kwenye soko la Gede, ndani ya kopo la biskuti lenye vifungo. Aliniomba nimwonyeshe muhuri wa ndara, akaugeuza geuza, akasema kwa heshima zote kwamba kaa wangu ana miguu pungufu.

Malindi nilipita kwa saa chache. Mnara wa Vasco da Gama hauna sanduku letu, lakini ukiufikiria vizuri wenyewe ni kama sanduku. Mreno huyo alifika hapa Aprili 1498, na Wareno wakaacha nguzo ya mawe yenye msalaba: tulifika, tarehe yetu ni hii. Tofauti ni kwamba waliofuata hawakuja kupiga mihuri kwenye daftari. Na kabla yao, mwaka 1415, twiga kutoka Malindi alikuwa ameshafikishwa kwa mfalme wa Uchina. Mji huu umezoea wageni na barua zao.

Kisha nikavuka daraja la Sabaki, mto unaoteremka na udongo mwekundu kutoka bara hadi baharini, nikaelekea Marafa. Hapo kitendawili cha mwisho kilikuwa: "Waliooga maziwa hawakuacha hata tone."

Wagiriama wanasimulia kwamba palikuwa na familia tajiri yenye ng'ombe wengi, wakawa na kiburi cha kuogea maziwa. Mungu akawadidimiza. Weupe unaouona kwenye korongo ni maziwa, wekundu ni damu. Wenyewe wanapaita Nyari, mahali palipovunjika penyewe. Wanajiolojia watakuambia ni mchanga ulioshikamana, mvua na upepo vikauchonga miaka mingi. Jua likikaribia kuzama, kuta zinageuka kutoka pinki hadi rangi ya kaa la moto, na hutaki kubishana na yeyote kati yao. Mchana usiteremke. Korongo linakuwa jiko. Subiri saa kumi na moja, chukua mwelekezi wa kijiji, na lipa kiingilio, maana mapato hayo ni ya jamii.

Hapa ndipo "peke yako" ilipopimwa. Mzee aliyekuwa na sanduku la nne aliniambia nikae kwanza. Akaniuliza natoka wapi, wazazi wangu ni nani, nani anajua niko hapa. Kisha akauliza, bila kunung'unika, ni dini gani iliyonituma. Nilielewa swali linatoka wapi. Nikamfungulia mkoba wote kwenye mkeka: hema, leso, tochi, daftari. Nikampa simu azungumze na mamangu. Waliongea muda mrefu kuliko nilivyotaraji, na mwisho wake mamangu akawa anaulizia bei ya mbuzi Marafa.

Baada ya hapo sanduku likatoka. Nilipomaliza kupiga muhuri, mzee akavuta kidau cha wino, akabonyeza kidole gumba, akakiweka kwenye daftari langu. Akaniambia hiyo ndiyo yake. Nililala ndani ya boma lake, hema likiwa hatua kumi kutoka jikoni, nikashiba sima na mchicha wa nazi. Asubuhi ya siku ya nne nikaondoka na gari la kwanza.

Ukitaka kujaribu

Usilale vichakani kiholela. Lala kwenye kambi inayojulikana, kwenye eneo la shirika la wanyamapori, au kwa mwenyeji aliyekubali kabla hujafika. Ukiingia kijijini, onana na mzee wa mtaa kabla ya kutoa hema mkobani.

Malipo ya mbuga na misitu ya KWS hufanywa kupitia eCitizen, langoni hawapokei taslimu. Lipa ukiwa na mtandao. Beba maji yasiyopungua lita tatu kwa siku, dawa ya mbu, na chaji ya ziada. Usiwashe moto msituni. Mimi nilikula kwenye vihoteli na kwa wenyeji safari nzima, na nikashiba. Masika huanza kati ya Machi na Aprili, na barabara za vumbi hugeuka utelezi, kwa hiyo panga mapema.

Kwa wasichana: nilikuwa namtumia mamangu mahali nilipo kila saa kumi na mbili jioni, na nilifika kila kituo jua likiwa bado juu. Atakayekuambia mwanamke kutembea ni uzungu, mkumbushe Mekatilili wa Menza. Alikamatwa Oktoba 1913 akapelekwa mbali hadi Kisii, na mapema mwaka uliofuata akatoroka pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakarudi Giriama. Hakuwa na hema wala simu.

Ukiweka sanduku lako, andika juu yake ni la nini, na umkabidhi mtu. Mchague anayependa kuulizwa maswali.

Langu nimeshaliacha, mahali fulani kati ya Malindi na Marafa, kwa muuza madafu. Kitendawili! "Natoka bara nikiwa mwekundu, naingia kwa mwenye samawati, na rangi yangu siitoi upesi." Ukishindwa, nipe mji.